Miaka Roketi Ziliporushwa Shaba

Uwanja wa ndege ndio uliotangulia. Kabla ya bomba la kwanza kushushwa, kabla hata hatujajua tunajenga nini, tulifyeka. Ulikuwa mwaka 1976, kwenye uwanda wa juu wa Kapani Tonneo, kaskazini mwa Shaba, kama jimbo la Katanga la Kongo lilivyoitwa wakati ule, mahali ambapo ardhi inakatika ghafla na bonde la mto Luvua linaanza. Wanaume wa vijiji vya bondeni walipanda na mapanga, mashoka na majembe. Miti ya miombo iliangushwa, visiki vikachomwa, vichuguu virefu kuliko mtu vikavunjwa na udongo wake ukajazwa kwenye mashimo, maana udongo wa kichuguu ukilowa na kushindiliwa unashika vizuri. Siku ndege kubwa ya mizigo aina ya Argosy ilipotua, injini zake nne zikitimua vumbi jekundu juu ya umati, wazee walisimama kando bila kusema neno na mama zetu wakapiga vigelegele.

Nilikuwa kijana wa miaka 19. Nilisoma sekondari Manono, mji wa madini ya bati, hadi karo iliposhindikana, na Kifaransa nilikijua vya kutosha. Ndiyo maana sikukaa sana kwenye panga. Nilifanywa kapita wa kikosi cha kupakua mizigo, kazi yangu ikiwa kusikiliza Wadachi wanataka nini kwa Kifaransa chao cha kuokoteza na kuwaeleza wenzangu kwa Kiswahili. Kwetu Wajerumani waliitwa Wadachi, jina tulilorithi kwa wazee. Babu yangu alibeba mizigo ya jeshi la Wabelgiji hadi Tabora mwaka 1916, katika vita dhidi ya Wadachi wa zama zile. Aliposikia mjukuu wake ameingia kazini kwao, aliniuliza mambo mawili tu: wanalipa, na wanapiga? Nikamwambia wanalipa kila mwezi na hawapigi. Akasema, “Basi nenda, mjukuu wangu. Lakini angalia vizuri unachobeba.”

Niliangalia. Ndiyo sababu ninaandika leo, nikiwa mzee wa Lubumbashi mwenye wajukuu wanaosoma uhandisi. Hadithi ya roketi za Shaba imegeuzwa kichekesho. Inasimuliwa kana kwamba ni dikteta mwenye kofia ya chui na wazungu wachache waliochezea fataki porini. Mimi nilikuwepo. Ilikuwa kazi ya kweli, yenye fikra nzito ndani yake, na ilivunjwa na mambo yasiyohusiana kabisa na ubora wa mabomba yale.

Mwenye fikra hiyo alikuwa Lutz Kayser. Alizaliwa Stuttgart mwaka 1939, akaanza kuunda roketi angali kijana wa shule, kisha akasoma Stuttgart kwa Eugen Sänger, mmoja wa magwiji wa Ulaya katika mambo ya kuruka angani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifanya utafiti kwa fedha za serikali ya Ujerumani Magharibi, akitafuta njia ya kupeleka mzigo angani kwa gharama ndogo. Serikali ilipoamua kushirikiana na Ufaransa na nchi nyingine za Ulaya katika roketi ya pamoja, ile iliyokuja kuitwa Ariane, fedha zake zilikatika. Mwingine angetafuta ajira chuoni. Kayser akaanzisha kampuni, karibu na Frankfurt, akaiita OTRAG. Inahesabiwa kuwa kampuni ya kwanza duniani ya watu binafsi kuunda roketi kwa nia ya kubeba satelaiti za wateja kwa malipo. Wakati huo anga ilikuwa mali ya serikali: Marekani, Urusi ya Kisovieti, na wachache waliowafuata kwa mbali.

Fedha alizipata kwa watu wa kawaida wenye kipato kizuri, mamia ya madaktari, mawakili na wafanyabiashara wa Ujerumani, waliovutiwa pia na sheria ya kodi ya wakati ule iliyomruhusu mtu kupunguziwa kodi akiweka mtaji katika biashara yenye hasara ya mwanzo. Wapo waliomdharau kwa hilo. Mimi sioni aibu yake. Alisoma sheria za nchi yake, akaona mlango, akaingia. Na ili watu wasimwone mwotaji, alimpata Kurt Debus awe mwenyekiti wa bodi. Debus alikuwa ndiye mkurugenzi wa kituo cha Kennedy kule Florida siku Apollo 11 ilipoondoka kwenda mwezini, Julai 1969. Huwezi kumwambia mtu kama huyo kwamba hajui roketi.

Sasa niwaeleze mabomba, maana hapo ndipo kiini cha mambo kilipo, na hapo mikono yangu ilifika.

Roketi za wakubwa zilikuwa vyombo vya fahari. Injini zake zilikuwa na pampu zinazozunguka kwa kasi ya kutisha, kila kipande kikichongwa peke yake na mafundi wachache, kwa bei ya kumfilisi tajiri. Kayser aligeuza jambo. Alisema: chukua bomba la chuma, la aina ambayo viwanda tayari vinatengeneza kwa wingi. Kipenyo chake kilikuwa sentimita 27. Vipande vya mita tatu vinaunganishwa mpaka upate urefu unaoutaka. Bomba moja linabeba mafuta ya taa, jingine asidi ya nitriki iliyochanganywa na tetroksidi ya nitrojeni. Hujazi mpaka juu. Unaacha kama theluthi moja ya nafasi, unaishindilia hewa. Hewa hiyo ndiyo pampu. Vali zikifunguka, hewa inasukuma vimiminika chini kwenye chumba cha moto, na kabla yake hutangulia kiasi kidogo cha kemikali inayowaka yenyewe ikigusana na asidi. Hakuna kiberiti wala pampu.

Vali zenyewe zilifunguliwa na mota ya umeme ya zile zinazoendesha waipa za kioo cha gari. Nakumbuka fundi mmoja wa Kidachi, mtu mpole mwenye ndevu, alinikalisha juu ya kreti, akaweka mota ile kiganjani mwangu na kuiunganisha na betri. Ikazunguka, ikasimama nusu, ikazunguka tena. Akanionyesha kwa vidole: wazi, nusu, imefungwa. Ukitaka roketi igeuke, unapunguza moto wa upande mmoja. Ndiyo usukani wote. Nilimtafsiria kila neno kwa wenzangu waliokuwa wamekaa chini kwenye kivuli, na mzee mmoja aliyewahi kuendesha lori la mgodi Manono akacheka kwa furaha, akasema kumbe hata yeye angeweza kuitengeneza ikiharibika. Fundi alipotafsiriwa hilo alifurahi kuliko sisi. Akasema ndivyo hasa Bwana Kayser alivyotaka.

Bomba moja halifiki popote. Ufundi ulikuwa katika kuyafunga pamoja: manne, kisha makumi, kisha mamia, la nje likianguka moto wake ukiisha na la ndani likiendelea. Ukitaka mzigo mkubwa, ongeza mabomba. Kiwanda kinatoa kitu kilekile kila siku, na kila kinavyozidi kutoa ndivyo bei inavyoshuka. Hayo leo yanafundishwa kama hekima mpya. Falcon 9 ya SpaceX inaruka kwa injini tisa zinazofanana, zinazotoka kiwandani kwa mfululizo. Sisi tulilisikia wazo hilo mwaka 1977, tumekaa juu ya makreti, juu ya bonde la Luvua.

Kwa nini Luvua? Mtu anayerusha roketi anatafuta mambo mawili: karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia unaipa msukumo wa bure, na pasipo na watu wengi wa kuangukiwa. Waitaliano walikwisha kulijua hilo. Walirusha satelaiti zao kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ile ilikuwa shughuli ya serikali. Kayser hakuwa na serikali nyuma yake, na Ujerumani Magharibi yenyewe ilikuwa bado imefungwa na mikataba ya baada ya vita isiunde makombora ya masafa marefu. Akaja kwa rais wetu, Mobutu.

Mobutu naye alikuwa na shida zake. Bei ya shaba ilianguka kuanzia mwaka 1974, reli ya Benguela iliyotupeleka baharini ikafungwa mwaka uliofuata kwa vita vya Angola, madeni yakafika shingoni. Mtu anakuja na ahadi ya fedha za kigeni, na juu yake sifa ya kuwa nchi ya Kiafrika yenye kituo cha anga. Mkataba wa mwaka 1976 uliipa OTRAG eneo la kilomita za mraba 100,000, hadi mwaka 2000. Ndugu msomaji wa Kigali au Bujumbura, chukua Rwanda na Burundi uziunganishe, kisha uzidishe karibu mara mbili. Ndiyo ardhi iliyokodishwa kwa sahihi moja, pamoja na haki ya kampuni kuitumia itakavyo kwa kazi yake.

Kijijini kwetu mkataba huo haukusomwa. Chifu aliitwa, akaambiwa na wakubwa wa utawala kwamba citoyen rais ameleta maendeleo, akarudi akatueleza alivyoelezwa. Hakuulizwa lolote. Hilo nalisema wazi, na halipunguzi heshima yangu kwa kazi ya mabomba. Mambo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja: wazo zuri la mhandisi, na ardhi ya watu kutolewa bila wenyewe kushauriwa. Na la pili ndilo lililokuja kulimaliza la kwanza, kwa njia ambayo Kayser, pamoja na akili yake yote, nadhani hakuiona. Alichopewa na mtu mmoja kingeweza kuchukuliwa na mtu huyohuyo.

Roketi ya kwanza iliruka tarehe 17 Mei 1977. Kiangazi kilikuwa kinaanza, mbingu safi, nyasi zimeanza kukauka. Kusini mwa jimbo letu kulikuwa na vita. Waasi wa FLNC, waliotaka kumng’oa Mobutu, walivuka kutoka Angola mwezi Machi, na wanajeshi wa Morocco walikuwa wameletwa kumsaidia Mobutu. Kwetu huko juu hatukusikia bunduki, tulisikia habari tu. Roketi ilikuwa na mabomba manne, urefu wake kama mita sita. Ukiitazama ilikuwa ndogo, imesimama peke yake kwenye meza ya chuma, bila mnara wala mbwembwe.

Waliojaza asidi walivaa nguo za mpira toka kichwani hadi miguuni. Moshi wake ni mwekundu wa kahawia, mzito, na ukikufikia unakata koo. Tuliamriwa kukaa upande upepo unakotoka, na hakuna aliyehitaji kuambiwa mara mbili. Hesabu ikasomwa kwa Kijerumani. Nilishazijua namba zile, nikawa nawanong’oneza wenzangu kwa Kiswahili: tatu, mbili, moja. Kwanza tuliona moto, kisha mngurumo ukatufikia kifuani kabla ya masikioni, na kile chombo kikainuka. Hakikuchomoka kwa kasi nilivyotarajia. Kiliinuka kwa utulivu, kikashika njia, halafu kikawa nukta, halafu hakuna. Mafundi wa Kidachi, watu wazima, walikumbatiana wakalia. Na sisi tulilia. Nani asiyelia? Mikono iliyong’oa visiki ndiyo iliyobeba mabomba yale.

Kayser alikuwepo, hajafika hata miaka 40. Alikuja kwenye kikosi chetu akatupa mkono mmoja mmoja. Alikuwa mtu wa maneno machache nasi, kwa sababu ya lugha, lakini macho yake yalikuwa ya mtu aliyekuwa akiingojea siku ile tangu utotoni.

Si kila mtu alifurahi. Jumapili moja nilishuka kijijini, na baada ya misa padri wetu, Mbelgiji aliyekaa nasi miaka mingi na kusema Kiswahili kama sisi, aliniita nyuma ya sakristia. Akaniuliza kama ni kweli Debus ndiye mkubwa wa kampuni. Nikamjibu ndivyo tunavyosikia. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia:

“Mwanangu, mimi ni mtu wa Antwerp. Mwaka 1944 nilikuwa kijana kama wewe. Wajerumani waliturushia roketi za V-2. Ile huisikii ikija. Unasikia ikishafika. Mwezi Desemba moja iliangukia sinema iitwayo Rex, mchana, watu wamejaa ndani. Walikufa zaidi ya 500. Huyo Debus alikuwa Peenemünde, walikoziunda.”

Sikuwa na jibu. Nilimwambia hizi ni za satelaiti, Baba. Akasema huenda, na anaomba Mungu iwe hivyo, lakini mtu aliyeona moto ule hawezi kusikia neno roketi pamoja na neno Ujerumani akalala usingizi. Nimeyafikiria sana maneno ya padri yule. Wasovieti waliokuja kupiga kelele baadaye walikuwa na siasa zao, lakini hofu yenyewe haikuwa ya kubuni. Watu wa Urusi, wa Ubelgiji, wa London, walikuwa na makaburi ya kuwakumbusha. Kayser alizaliwa mwaka vita vile vilipoanza, akakua akiitazama roketi kama chombo cha kazi. Alisahau, au hakutaka kukumbuka, kwamba wengine waliijua kwanza kama kifo.

Mwaka 1978 ulikuwa mzito. Tarehe 13 Mei wapiganaji wa FLNC waliingia Kolwezi, na tarehe 19 askari wa miamvuli wa Ufaransa wakashuka juu ya mji. Dunia nzima ilikuwa inaitazama Shaba, ikihesabu maiti. Siku iliyofuata, tarehe 20 Mei, sisi tulirusha roketi ya pili. Iliruka vizuri. Ninapowaeleza vijana kwamba mambo hayo mawili yalitokea katika jimbo moja, siku moja baada ya nyingine, hawaamini. Lakini ndivyo tulivyokuwa tunaishi. Ndugu zetu wa kusini walikuwa wanazika, na sisi tulikuwa tunakagua vali.

Kisha ikaja tarehe 5 Juni, siku Mobutu mwenyewe alipofika. Tulipanga mawe pembeni mwa njia na kuyapaka chokaa. Vikundi vya ngoma vililetwa. Alishuka na suti yake ya abakosti, kofia ya chui, fimbo mkononi, akiwa na wakubwa wa jeshi na wapiga picha, akakalishwa mahali panapoonekana vizuri ukingoni mwa bonde. Tulipewa amri tusisogee karibu naye, na askari wake waliisimamia amri hiyo kwa matako ya bunduki.

Roketi ilipaa kama zile mbili. Umati ukapiga kelele za shangwe. Halafu, ikiwa bado tunaiona vizuri, ikaanza kuinama. Iliinama polepole, ikageuza pua, ikaelekea bondeni na kutoweka huko chini, na baada ya muda kidogo tukaona moshi ule wa kahawia ukipanda kutoka upande wa mto. Shangwe zilikatika kooni. Nilikuwa namtazama rais. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Kayser alimsogelea, wakazungumza, mikono ya Kayser ikieleza kitu hewani.

Picha za siku hiyo ndizo zinazozungushwa mpaka leo, watu wakizicheka. Na mimi huwauliza wanaocheka: mmeona za tarehe 17 Mei? Mmeona za tarehe 20 Mei? Hakuna anayezitafuta, kwa sababu roketi inayofanikiwa mbele ya wafyekaji haina hadithi ya kuchekesha.

Kilichoua mradi ni mazungumzo ya mbali sana na Luvua. Moscow ilidai kwamba Wajerumani wanajaribu makombora ya kruzi katikati ya Afrika. Angola, iliyokuwa imeona Mobutu akiwasaidia maadui zake, haikuwa na sababu ya kuamini vinginevyo. Magazeti ya Ulaya na Marekani yakaandika, na redio za nje zilizotufikia kwa Kiswahili zikatuambia sisi wenyewe kwamba tunaunda silaha. Ufaransa ilikuwa imeweka fedha na fahari yake katika Ariane, ambayo iliruka mara ya kwanza Desemba 1979 kutoka Kourou. Haikuhitaji mshindani wa bei rahisi, na Mobutu alikuwa na deni kwa Wafaransa tangu Kolwezi. Serikali ya Ujerumani Magharibi yenyewe, kule Bonn, iliona aibu, ikataka jambo liishe kimya. Mwaka 1979 mkataba uliotakiwa kwenda hadi 2000 ulifutwa. Wadachi walifunga mizigo, ndege zikaondoka.

Je, yalikuwa makombora? Nimeulizwa hilo maisha yangu yote, na maofisa, waandishi, hata na mashemeji. Nilipakua makreti. Sikuona kichwa cha bomu, wala chumba ambacho mimi au wenzangu tulizuiwa kuingia kwa sababu ya siri ya aina hiyo. Roketi inayotegemea kufunga mamia ya mabomba pamoja, ikasimama wazi kwenye uwanda na kujazwa asidi mbele ya kijiji kizima, si silaha ambayo jenerali mwenye akili angeitaka. Lakini pia siwezi kumwambia mtu kwamba kinachoinua satelaiti hakiwezi kuinua bomu. Na Kayser alilifanya jambo liwe gumu zaidi kwa sisi tuliomtetea, maana alipotoka kwetu alikwenda Libya, kwa Gaddafi. Mwaka 1981 walikuwa wanafanya majaribio jangwani, upande wa Sebha. Hapo hofu ya dunia ilipanda maradufu, na sioni jinsi ambavyo isingepanda. Mwishowe Walibya walitwaa vifaa. Kayser akaachana na kampuni, Frank Wukasch akaishika, na roketi ya mwisho ya OTRAG ikarushwa Kiruna, Sweden, Septemba 1983. Miaka michache baadaye kampuni ikavunjwa.

Mtu mwingine angemwita Kayser mfanyabiashara asiyechagua wateja. Sitabishana naye sana. Alikuwa ameshika wazo ambalo serikali kubwa zilimnyima ardhi ya kulijaribia, akaenda kwa yeyote mwenye ardhi, na wenye ardhi waliokuwa tayari walikuwa watu wa aina moja. Ninachokataa ni kwamba kwa sababu hiyo wazo lenyewe lilikuwa la uongo.

Uzeeni alihamia visiwa vya Marshall, katika bahari ya Pasifiki, akafariki mwaka 2017. Ni katika visiwa hivyohivyo, kwenye atoli ya Kwajalein, ambako tarehe 28 Septemba 2008 Falcon 1 ya Elon Musk ilifika obiti, roketi ya kwanza ya mafuta ya kimiminika iliyoundwa na kampuni binafsi kwa fedha zake kufanya hivyo. Wajukuu wangu wanaijua tarehe hiyo kwa moyo. Nikawaambia wahesabu na zilizotangulia. Ya mwaka 2006 ilianguka. Ya 2007 haikufika. Ya Agosti 2008 haikufika. Ya nne ndiyo iliyofika. Sisi tulirusha tatu, mbili zikaenda sawa, moja ikaanguka, na ya nne hatukuirusha. Mkubwa wao akaniuliza kama mabomba ya Kayser yangefika obiti kweli. Nilimjibu kama alivyonijibu fundi mwenye ndevu nilipomuuliza swali hilohilo: manne hayafiki, na fungu kubwa halikuwahi kuundwa, kwa hiyo hakuna aliyewahi kulijaribu. Amechukua hesabu zake anazifanya mwenyewe. Namsaidia kwa ninayokumbuka: uzito wa kipande cha mita tatu tulipokibeba begani, tulivyokifungia skrubu, vali ilivyokaa.

Na Wakongo hawakuacha. Mhandisi Jean-Patrice Keka amekuwa akirusha roketi zake za Troposphère huko Menkao, upande wa Kinshasa, kwa fedha zisizofika hata pua ya zile za Kayser. Manono, nilikosoma, sasa inatafutwa na makampuni ya mabara matatu kwa ajili ya lithiamu ya betri, na mikataba yake inagombewa katika mahakama za mbali. Nimewauliza vijana wa huko kama wamesomewa. Wananijibu kwamba chifu aliitwa.

Kazi yangu kwa sasa ni orodha. Vitabu vinaandika jina la Kayser, la Debus, la Mobutu. Wafyekaji wa uwanja, kikosi cha kupakua, waliojenga nyumba na kuchota maji, hawamo. Wengi waliondoka katika vita vya kuanzia 1996, wengine walivuka ziwa Tanganyika wakaenda Kigoma na hawakurudi. Nimekwisha kuandika majina niliyoyashika, kijiji kwa kijiji, kutoka Luvua ya juu kwenda chini. Kama baba yako au mjomba wako alifanya kazi Kapani Tonneo kati ya 1976 na 1979, niletee jina lake, na jina la kijiji chake, na kazi aliyofanya.